Je, Wajua? Picha za Damu na Sheria za Pupa

Je, wajua kwamba mwishoni mwa 2014 Kenya ilikuwa na sheria iliyoweza kukufunga miaka 3 kwa kusambaza picha ya maiti? Au ikutoze faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Haikuuliza kama picha ni ya kweli. Iliuliza tu kama yaweza kuutia umma hofu au kuvuruga amani. Sasa chukulia matatu imepinduka kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, kijana wa boda wa stegi ya Kanja amefika wa kwanza, amepiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la stegi ili watu wa abiria wajulishwe. Majeruhi wanaonekana. Hofu imetanda kundi zima. Mshtakiwa tayari amepatikana, na dereva bado hajatolewa kwenye gari.

Kilikuwa kifungu cha 66A cha Kanuni ya Adhabu, kilichopenyezwa na kifungu cha 12 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama. Kilitaja waziwazi picha za watu waliokufa au waliojeruhiwa, ziwe za gazeti, za runinga au za simu. Gaidi anayejigamba na mama anayemlilia mwanawe walitiwa kapu moja.

Je, wajua ni nini kilichoizaa? Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014 Al-Shabaab waliteka basi lililokuwa likielekea Nairobi, wakawaua abiria 28. Tarehe 2 Desemba wakarudi, safari hii kwenye timbo la mawe, wakaua watu 36. Siku hiyohiyo ya pili Inspekta Jenerali David Kimaiyo aliondoka kazini na waziri Joseph ole Lenku akapoteza kiti chake. Picha za miili zilizagaa mitandaoni, na serikali ikaaibika. Sheria ilitiwa saini tarehe 19 Desemba. Kutoka timboni hadi saini ya Rais Uhuru Kenyatta ni siku 17, na ndani ya siku hizo ziliguswa sheria zaidi ya 20 zilizokuwepo.

Timbo lenyewe halikupata mlinzi hata mmoja kutokana na kifungu cha picha. Nasema hivi mapema kwa sababu ndilo jambo linalonikera katika habari hii nzima: kila baada ya mauaji, mkono wa sheria humfikia kwanza aliyeonyesha, ndipo, kama muda utabaki, umtafute aliyeua.

Je, wajua kwamba aliyekalia kiti cha Spika siku mswada huo ulipopitishwa ni mtu wa hapa kwetu Embu? Justin Muturi wa Mbeere, aliyewahi kuwa mbunge wa Siakago. Tarehe 18 Desemba 2014 Bunge la Taifa liligeuka uwanja wa masumbwi: karatasi zilichanwa, makonde yakarushwa, na Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Mswada ukapita katikati ya makelele hayo. Muturi tutarudi kwake.

Je, wajua kifungu cha kuchekesha zaidi katika sheria ile? Ni cha 64, kilichoongeza 30F kwenye Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Kiliharamisha kuchapisha picha ya mwathiriwa wa shambulio la kigaidi bila idhini ya Huduma ya Taifa ya Polisi na ya mwathiriwa mwenyewe. Idhini zote mbili. Ya polisi ungeomba kwa barua. Ya marehemu, waliotunga kifungu hawakueleza ingeombwa ofisi gani.

Je, wajua kilidumu muda gani? Muungano wa CORD, uliokuwa ukiongozwa na Raila Odinga, ulikimbilia mahakamani. Tarehe 2 Januari 2015 Jaji George Odunga alisimamisha vifungu 8. Ni siku 14 tangu saini ikauke. Kisha tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu, akiwemo Isaac Lenaola na Mumbi Ngugi, walivifuta kabisa vifungu 8, vikiwemo cha 12 cha picha, cha 64 cha ugaidi na vyombo vya habari, na cha 48 kilichotaka wakimbizi wasizidi 150,000 nchini, wakati waliokuwepo walikuwa zaidi ya nusu milioni.

Na hili wengi hawalijui: majaji hao hawakuifuta sheria nzima. Vurugu za Bunge na haraka yake hazikutosha kuiangusha yote. Walichokataa ni maneno mapana yasiyo na mipaka, ambayo raia hawezi kujua mapema ni picha gani itamfunga na ni ipi itaachwa. Kwa hiyo mbunge mwenye pupa anaweza kusema mahakama ilimpa haki nusu. Na ni kweli.

Je, wajua Australia nayo iliwahi kukimbia hivyohivyo? Tarehe 15 Machi 2019 mtu mwenye bunduki aliua waumini 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, akipeperusha mauaji moja kwa moja kwenye Facebook kwa dakika 17. Bunge la Australia lilipitisha sheria dhidi ya video za ukatili tarehe 4 Aprili, siku 20 baadaye, bila hata kuipeleka kamati ikaichambua. Dunia ikasema, lo, haraka gani hii! Bunge letu lilitumia siku 16 kutoka timbo la Mandera. Katika mbio hizo Kenya ndiyo yenye rekodi.

Tofauti iko kwenye shabaha. Sheria ya Australia ilielekezwa kwa kampuni: mtandao usipoondoa video kwa haraka, faini yaweza kufika asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka. Yetu ilimwelekea mwenye simu.

Je, wajua walioitazama video ya Christchurch ikiwa mubashara hawakufika 200? Kwa hesabu ya Facebook yenyewe, ilitazamwa mara 4,000 hivi kabla ya kuondolewa, na mtu wa kwanza kuiripoti alifanya hivyo dakika 29 baada ya kuanza, yaani dakika 12 baada ya kwisha. Katika saa 24 zilizofuata kampuni iliondoa nakala milioni 1.5, na kati ya hizo milioni 1.2 zilinaswa zikipakiwa. Ukifanya hesabu utaona kwamba nakala laki 3 zilipenya kwanza.

Je, wajua nani huziondoa? Kwa miaka kadhaa kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya Afrika ilifanyiwa Nairobi, katika ofisi za kampuni ya Sama, kwa niaba ya Facebook. Vijana wa Kenya, Ethiopia, Uganda, Somalia, Afrika Kusini na kwingineko walikaa mbele ya skrini wakitazama watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa na wengine wakijiua, ili wewe na mimi tusizione. Februari 2022 jarida la Time la Marekani liliandika kwamba baadhi yao walikuwa wakilipwa dola 1.50 kwa saa. Mei 2022 Daniel Motaung, aliyetoka Afrika Kusini kuja kufanya kazi hiyo, aliishtaki Meta pamoja na Sama. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao.

Meta ilijitetea kwamba haina ofisi hapa, kwa hivyo haiwezi kushtakiwa hapa. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo. Desemba mwaka huo ikabainika mahakamani kwamba zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi hao walikuwa na ugonjwa wa akili unaotokana na mshtuko. Aliyewachunguza ni Daktari Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Rudia tena sentensi hizo polepole. Bunge lilimwandikia kijana wa boda kifungu cha miaka 3 kwa kutuma picha moja. Aliyelipwa kutazama mamia kwa siku ilibidi ajitafutie wakili.

Je, wajua kwamba Facebook iliwahi kupitisha matangazo ya chuki ya Kiswahili bila kusita? Ni kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022. Shirika la Global Witness likishirikiana na Foxglove lilitunga matangazo ya majaribio yaliyochochea mauaji, likayawasilisha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, na sababu mojawapo ilikuwa sarufi! Yaliposahihishwa, yakakubaliwa pia. Shirika likayaondoa kabla hayajaonekana na umma.

Tume ya Uwiano na Utangamano iliipa Facebook siku 7 ijirekebishe la sivyo ifungwe. Waziri Joe Mucheru akajitokeza kusema hakuna mtandao utakaofungwa. Mambo yakaishia hapo, na uchaguzi ukafanyika.

Je, wajua Kianjokoma? Hapa Kanja huhitaji kuelezwa, ni jirani. Lakini kwa msomaji wa mbali: usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, wakati wa kafyu ya korona, polisi waliwakamata ndugu wawili wa familia moja. Wazazi walikuja kuwapata mochari. Polisi walisema vijana waliruka kutoka kwenye gari likiwa mwendoni. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na ya mbavu. Picha zao zilienda nchi nzima kabla ya mazishi, watu wakaingia barabarani, barabara ya Kianjokoma ikafungwa kwa mawe na moto, na kabla ya mwezi kwisha maafisa 6 wa polisi walikuwa wameshtakiwa kwa mauaji. Walikana.

Sasa soma tena kile kifungu cha 66A: picha za waliokufa, zinazoweza kuvuruga amani. Amani ilivurugika, tena kwa haki. Kama majaji watano wasingekifuta mwaka 2015, waliosambaza habari ya Kianjokoma wangekuwa washukiwa sawa na maafisa wale, na kesi yao ingekuwa rahisi zaidi kuithibitisha kwa sababu ushahidi wote umo kwenye simu.

Je, wajua hii haina maana kwamba Wakenya wanapenda picha za damu? Tarehe 15 Januari 2019 magaidi walivamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, wakaua watu 21. Gazeti la New York Times likachapisha picha ya miili ikiwa imelala juu ya meza za mkahawa. Waliolipuka kwa hasira ni watumiaji wa Twitter wa Kenya wenyewe, wakalitaka gazeti liiondoe, na Baraza la Vyombo vya Habari likaliandikia. Hakuna aliyehitaji kufungwa ili jambo lisemwe. Aibu pia ni adhabu, hata pale gazeti linapokaidi.

Je, wajua kifungu kikifa, kosa hufufuka kwa jina jingine? Juni 2019 polisi waliuawa kwa bomu la kutegwa huko Wajir. Mwanablogu Robert Alai, ambaye baadaye alichaguliwa mwakilishi wa wadi ya Kileleshwa, alichapisha picha zao. Alikamatwa, na mahakama ikaruhusu azuiliwe siku 14 uchunguzi ukiendelea, chini ya Sheria ileile ya Kuzuia Ugaidi. Kifungu cha 30F kilikuwa kimekufa miaka minne nyuma. Binafsi sikupendezwa na picha zile. Familia za maafisa wale zilistahili kuambiwa na mkuu wao, siyo na mtandao. Lakini kutopendezwa na kumwita mtu mshukiwa wa ugaidi ni mambo mawili.

Je, wajua sheria inayotumika sasa? Ni ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, namba 5 ya 2018. Uhuru aliitia saini tarehe 16 Mei 2018. Chama cha Wanablogu wa Kenya kikaenda mahakamani, na tarehe 29 Mei Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26. Siku 13. Februari 2020 Jaji James Makau akaitupilia mbali kesi, vifungu vikarudi kazini, na ndani ya mwezi mmoja, korona ilipoingia, watu wakaanza kukamatwa kwavyo.

Kifungu cha 23, kilivyotungwa 2018, kuhusu habari za uongo zinazoweza kuzua taharuki, ghasia au vurugu: hadi shilingi milioni 5 au miaka 10 jela.

Kifungu cha 27, nacho kilivyotungwa 2018, kuhusu kumsumbua mtu mtandaoni: hadi shilingi milioni 20 au miaka 10. Ni bei ya pikipiki mpya tele.

Kifungu cha 37, kuhusu kusambaza picha za utupu au za faragha za mtu mwingine: hadi shilingi laki 2 au miaka 2. Tazama hapo. Anayemdhalilisha msichana kwa kusambaza picha zake anaweza kutoka kwa laki 2, na anayemkera mkubwa kwa maneno aliwekewa milioni 20. Aliyepanga viwango hivyo alijua anamlinda nani.

Je, wajua kwamba zile milioni 20 hazikuletwa na Rais William Ruto? Oktoba 2025 mitandao ilijaa kelele kwamba ndiye aliyezileta. Zilikuwepo tangu 2018. Alichotia saini tarehe 15 Oktoba 2025 ni marekebisho, yaliyotokana na mswada wa 2024 wa mbunge wa Wajir Mashariki, Aden Daud Mohamed. Yaliongeza kwenye kifungu cha 27 mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue. Yakaipa kamati ya serikali ya usalama wa mtandao uwezo wa kuamuru tovuti ifungwe ikionekana kuendeleza ugaidi, picha za ngono za watoto au itikadi kali za kidini na za madhehebu potovu.

Hilo la madhehebu usiliulize limetoka wapi. Ni Shakahola, Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Jambo zito kuliko hilo sijui. Ila mauaji ya Shakahola yalifanyika msituni, na polisi walikuwa wameshapigiwa ripoti. Tovuti haikufunga mtu mdomo asile.

Kwa haki, mswada huu haukukimbizwa kama ule wa 2014. Ulikaa bungeni mwaka na zaidi. Lakini ulitiwa saini pamoja na miswada mingine 7 siku ambayo hakuna Mkenya aliyekuwa akitazama karatasi: ndiyo siku Raila Odinga alifariki nchini India. Kiongozi aliyeipeleka sheria ya 2014 mahakamani hakuiona hii.

Ilidumu kiasi gani? Mwimbaji na mwanasiasa Reuben Kigame pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika lisilo la serikali, walikwenda mahakamani. Tarehe 22 Oktoba Jaji Lawrence Mugambi akasimamisha sehemu za kifungu cha 27. Siku 7. Rekodi inazidi kushuka.

Je, wajua kuna iliyoshuka zaidi? Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa wakiadhimisha mwaka mmoja tangu maandamano ya 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru runinga na redio zikome kuonyesha maandamano moja kwa moja. Mitambo ya NTV, KTN na Citizen ikazimwa. Amri ikasimamishwa na mahakama siku hiyohiyo. Jaji? Chacha Mwita.

Je, wajua mambo ya Embu mjini, Desemba 2024? Kijana wa miaka 24 alikuwa kwa kinyozi tarehe 21. Siku zilizotangulia picha ya Rais akiwa ndani ya jeneza, iliyotengenezwa kwa kompyuta, ilikuwa imewekwa kwenye X, na yeye akahusishwa nayo. Watu wasiojitambulisha walimchukua pale kwa kinyozi na kuondoka naye. Polisi wakasema hawanaye. Vijana wa Embu waliandamana, wazazi wakalia mbele ya kamera, na tarehe 6 Januari 2025 akarudi nyumbani akiwa hai, baada ya siku 16.

Picha ya jeneza ni lugha chafu. Katika nyumba nyingi za Embu na Meru kumfanyia mtu aliye hai mzaha wa kifo ni kumwapiza, na mzee hatakuchekea. Kama ni kosa la jinai, hakimu wa Embu yupo na mahakama ina mlango. Katika siku hizo 16 hakuna aliyemfikisha mbele ya hakimu, wala hakuna kifungu kilichotajwa, iwe cha 23 au cha 27. Sheria zote hizo tulizopigania na kuzipinga zilikuwa kabatini.

Na Muturi? Kufikia wakati huo alikuwa ameshakuwa Mwanasheria Mkuu, kisha waziri wa utumishi wa umma. Januari 2025 alisimama hadharani akiwa bado waziri, akasema mwanawe mwenyewe alitekwa Juni 2024, akawataja majasusi wa serikali, na akasema aliachiliwa baada ya yeye kumfikia Rais. Machi akafutwa kazi. Aliyekuwa Spika na Mwanasheria Mkuu wa nchi hakutegemea kifungu chochote kumpata mwanawe. Alimtegemea mtu mmoja aliyeweza kupiga simu. Wewe wa Kanja una namba ya nani?

Je, wajua Meru? Desemba 2023 mwanablogu wa siasa za kaunti aliitwa akatoka nyumbani, hakurudi. Mwili wake ulipatikana mtoni Tharaka-Nithi. Watu kadhaa walishtakiwa kwa mauaji.

Je, wajua Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao usiku, kwa hati ya dharura? Ni mwanzo wa Aprili 2015. Rais Jakaya Kikwete akasaini mwezi huohuo, ikaanza kutumika Septemba 1, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na wenye blogu wakatakiwa kulipia leseni zaidi ya shilingi milioni 2 za Tanzania. Jamii Forums ikajifunga kwa muda mwezi Juni. Na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulipogeuka umwagaji damu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, simu za watu zilipokea ujumbe wa polisi wa kuwaonya wasisambaze picha na video za kuzua taharuki. Ni kosa la jinai, ujumbe ulisema. Mimi niliuona kwenye simu ya rafiki aliyeko ng'ambo ya Namanga, na nilichofikiria ni kile kifungu chetu cha 66A kilichokufa.

Uganda: Rais Museveni alisaini marekebisho ya sheria ya kompyuta Oktoba 2022. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha sheria mama, kile cha mawasiliano ya kuudhi.

Ujerumani, 2017: mitandao ilipewa saa 24 kuondoa kilicho haramu waziwazi, au faini ya hadi yuro milioni 50. Ufaransa, Mei 2020: saa 24 pia, na saa 1 kwa maudhui ya kigaidi, Baraza la Katiba likaifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo Juni 18. Kumbe hata Paris.

Je, wajua TikTok iliponea chupuchupu? Agosti 2023 ombi la kuipiga marufuku lilifika Bunge la Taifa, likitaja ghasia, matusi na ngono. Ruto akazungumza kwa video na mkuu wa kampuni hiyo, Shou Zi Chew, kuhusu kuchuja maudhui, na kamati ya Bunge ikaja kupendekeza udhibiti badala ya marufuku. Angalau hapo walikaa wakafikiri kwanza.

Je, wajua Katiba tayari inasema la kutosha? Ibara ya 33 inatoa uhuru wa kujieleza, halafu inataja usiolindwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na kuhubiri uhasama wa kikabila. Ibara ya 24 inasema haki ikipunguzwa, ipunguzwe kwa kiasi kinachofaa na kwa sababu iliyo wazi. Ibara ya 118 inalilazimu Bunge kuushirikisha umma. Jaji Mumbi Ngugi, aliyekuwa mmoja wa wale watano wa 2015, alitumia hoja za Ibara ya 24 na ya 33 Aprili 2016 kufuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kimewafikisha wanablogu wengi kortini kwa kuudhi watu. Februari 2017 Jaji John Mativo akafuta kashfa kama kosa la jinai. Mahakama zetu zimefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kifungu kwa kifungu, mara nyingine baada ya mtu kukamatwa kwanza.

Hiyo nafasi ya umma ya Ibara ya 118 huja kama tangazo kwenye gazeti la kila siku na kwenye tovuti ya Bunge, likitaja jina la mswada na tarehe ya mwisho ya maoni. Muda huwa mfupi. Huhitaji wakili wala mhuri. Andika jina la mswada, kifungu unachokipinga, sababu yako na maneno unayotaka yawekwe mahali pake. Kiswahili kinakubalika, ni lugha rasmi. Weka sahihi. Peleka kwa Karani wa Bunge la Taifa, Sanduku la Posta 41842-00100, Nairobi, au mkabidhi mbunge wako akiwa matangani, maana huko hakosi. Mauaji mengine yakitokea, Mungu atuepushie, mswada utafuata baada ya wiki mbili. Uwe na kalamu tayari.